Mita Sitini

Asubuhi, Mafinga haina haraka ya kuamka.
Ukungu umelalia mabati kama blanketi la wodini,
nami nimekumbatia kikombe kwa mikono miwili
nikisoma barua niliyoiandika mwenyewe:
wote wenye milingoti ndani ya mita sitini
kutoka chanzo cha maji, waiondoe.
Muhuri umekolea. Chini yake jina langu,
Betweli Kihwele, Meneja wa Programu.

Kazi yangu, mkiuliza, ni kujumlisha.
Naletewa chemchemi ikiwa tarakimu,
moto wa Septemba ukiwa hekta,
kilio cha mtu kikiwa “changamoto”.
Naviweka kwenye jedwali, navipeleka juu,
na huko juu wananirudishia swali lilelile kila robo ya mwaka:
mbona fedha hazijaisha?
Hajatokea wa kuniuliza
mbona maji hayajarudi.

Leo tunapanda Ilwanga.
Nyuma ya gari: utepe wa kupimia, kopo la rangi nyekundu,
miche ya mivengi inayotikisa vichwa
kila Chaula anapokanyaga breki.

Kamati ya maji inatungoja ukingoni mwa bonde.
Kamwene. Kamwene.
Bi Sekilovele, katibu, amevaa kofia ya sufu
na daftari kalifunga kwa nailoni lisinyeshewe.
Tunaanzia kwenye jicho la chemchemi,
jicho lenye tope na kwato za ng’ombe,
na utepe unapanda:
kumi,
ishirini,
thelathini na nne.
Hapo unagusa mlingoti wa kwanza wa baba.

Nilikuwa darasa la tano alipoipanda.
Mimi ndiye niliyeimwagilia,
kopo kwa kopo, kwa maji ya chemchemi hiihii.
Bwana miti wa serikali alikuja na pikipiki,
akasema, panda mzee, hii ni benki.
Wala hakudanganya.
Kidato cha kwanza, miti minane.
Kidato cha tano, kumi na sita.
Chuo, Morogoro, shamba zima la juu.
Na huko chuoni, katika kitabu kilicholipiwa na mlingoti,
nikasoma kwamba mlingoti hunywa.

“Mwenye miti hii ni nani?”
Bi Sekilovele anauliza kama hajui,
kama hakupika ugali kwenye msiba wake.
Nalitaja jina la baba, lote, kama lilivyo kwenye rejista.
“Ana mrithi?”
Anaye.
“Basi asaini.”
Nasaini kama mrithi.
Nageuza karatasi, nasaini kama meneja.
Kalamu ni ileile, ya zawadi ya semina.

Kijana mmoja kwa nyuma, debe la ulanzi miguuni,
anataka kujua kuhusu fidia.
Fungu la fidia nililikata mwenyewe, mwezi Machi,
ili tupate kununua miche.
Namwambia suala hilo linafanyiwa kazi.
Anacheka. Si kwa ubaya;
anacheka kama mtu aliyetambua sauti ya redio.

Msumeno unaunguruma hadi saa tisa.
Arobaini na mmoja, nahesabu kila unaoanguka,
na kila ukianguka bonde linapata kipande cha mbingu
ambacho sikuwahi kukiona nikiwa mtoto.
Harufu ni ile ya kifua changu kikipakwa dawa, usiku wa baridi.

Tunapofunga gari, Bi Sekilovele anakisukuma kisiki kwa mguu.
“Unakijua hiki, mwanangu? Hakifi.
Mvua mbili tu, kitakuwa na vichwa vitano.
Nani atakuja kuvikata, wewe au programu?”

Programu inaisha Juni.

Usiku najaza jedwali.
Miti iliyoondolewa: 41.
Migogoro: hakuna.
Safu ya maoni nimeiacha mpaka sasa,
mshale unapepesa ndani yake,
na viatu vyangu, mlangoni,
vina tope lisilotaka kukauka.